Tanuri la siku tatu: Jinsi Japani ilivyonusuru ufundi wa feleji

KILA mwaka kati ya Januari na Februari, wakati theluji imetanda katika milima ya mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani, kundi dogo la mafundi hujifungia ndani ya jengo moja mjini Okuizumo na kukesha usiku na mchana kwa siku tatu wakiulisha moto.

Usingizi wao ni wa zamu, tena mfupi. Kila baada ya nusu saa hivi huongeza mchanga mweusi na mkaa katika tanuri la udongo lenye umbo la sanduku, kisha hurudi nyuma na kuzitazama rangi za ndimi za moto. Alfajiri ya siku ya nne hulibomoa tanuri hilo, na chini yake hutokea bonge la chuma lenye uzani wa takriban tani mbili na nusu, likiwa bado linawaka wekundu.

Ndani ya bonge hilo mna kitu ambacho viwanda vikubwa vya kisasa havitengenezi: feleji iitwayo tamahagane, ambayo ndiyo malighafi ya upanga wa Kijapani.

Mbinu hiyo huitwa tatara. Imetumika nchini humo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na nusura itoweke katika muda wa kizazi kimoja tu. Kuanzia mwaka 1945 hadi 1977 wahunzi wa Japani hawakuwa na tanuri la kuwapa feleji hiyo. Wakati uamuzi wa kulifufua ulipopitishwa, waliokuwa wakiijua kazi yenyewe walikuwa wazee wachache ambao elimu yao haikuwa vitabuni bali machoni na mikononi mwao.

Wakenya wengi wanaijua Japani kwa magari na pikipiki zake. Habari za tatara hazizungumzwi sana, ilhali baadhi ya viwanda vinavyotoa vyuma maalumu vya mitambo vilichipuka katika mabonde hayo hayo ya Shimane.

MCHANGA BADALA YA MAWE

Japani haikujaaliwa akiba kubwa ya mawe ya chuma. Kilichoko, hasa katika safu ya milima ya Chugoku, ni miamba ya granaiti iliyooza kwa jua na mvua, na ambayo ndani yake mna chembe ndogondogo nyeusi za chuma. Chembe hizo ni chache mno kulinganishwa na udongo unaozizunguka. Hata hivyo, zina sifa moja inayozifanya kuwa hazina: hazina fosforasi wala salfa nyingi, vitu viwili ambavyo hukifanya chuma kiwe chepesi kuvunjika.

Ili kuzipata, mafundi wa kale walichimba mifereji mirefu kandokando ya mlima, wakauporomosha udongo ndani ya maji yaendayo kasi, na kuyapitisha maji hayo katika mabirika yaliyofuatana. Chembe nzito zilituama chini, mchanga mwepesi ukachukuliwa na mkondo.

Lakini mchanga huo ulikuwa na mahali ulikoishia. Uliujaza mto Hii, ukakiinua kitanda chake, na mafuriko yakawa adha kwa wakulima wa nyanda za chini. Malalamiko yao ndiyo yaliyozaa kanuni kwamba milima isafishwe kuanzia majira ya kupukutika kwa majani hadi mwanzo wa majira ya kuchipua pekee, wakati mashamba ya mpunga hayahitaji maji. Yaani mgogoro wa mazingira kati ya wachimbaji na wakulima, ambao msomaji wa leo angedhani ni wa karne hii, ulikuwa umekwisha kutungiwa sheria huko zamani za watawala wa kijeshi.

Mlima uliokwisha kubomolewa haukuachwa mahame. Ulisawazishwa ukawa mashamba ya mpunga ya ngazi, na mchele wa Okuizumo una sifa kubwa nchini humo hadi leo. Misitu nayo ilikatwa kwa zamu. Kipande kilichochomwa mkaa kiliachwa takriban miaka 30 kabla ya shoka kurudi. Koo tatu tajiri, Tanabe, Sakurai na Itohara, ndizo zilizomiliki sehemu kubwa ya misitu, mchanga na matanuri katika eneo hilo, na maelfu ya watu walipata riziki zao humo.

TANURI LINALOJILA LENYEWE

Tanuri la tatara ukilitazama kwa juu si kitu cha kushangaza. Ni sanduku la udongo lenye urefu wa mita tatu hivi, upana wa mita moja, na kimo kinachomfikia mtu mzima kifuani.

Ajabu imo chini ya ardhi. Kabla ya tanuri kujengwa, huchimbwa shimo lenye kina cha zaidi ya mita tatu, likapangwa mawe, udongo, mkaa na majivu kwa tabaka, na kukaushwa kwa moto mpaka lisalie bila unyevu wowote. Maji ndiyo adui mkuu wa kazi hii. Unyevu kidogo ukipanda kutoka ardhini, joto hushuka na kazi yote ikaharibika.

Kila upande wa sanduku huchomekwa mabomba membamba yapatayo 20 ya kupitishia hewa. Zamani hewa hiyo ilisukumwa kwa mivukuto mikubwa ya kukanyagwa kwa miguu. Wakanyagaji waliitwa banko, nao walipokezana kwa kuwa hakuna binadamu awezaye kukanyaga siku tatu mfululizo. Inasemekana kwamba neno la Kijapani la kupokezana zamu, kawaribanko, limetokana na watu hao. Siku hizi mivukuto huendeshwa kwa umeme, na pengine hilo ndilo badiliko kubwa zaidi lililofanywa.

Kinachoitofautisha tatara na matanuri mengine ni kwamba kuta zake si chombo tu cha kuhifadhi moto. Udongo wenyewe ni sehemu ya mapishi. Joto linapopanda, upande wa ndani wa ukuta huyeyuka na kuungana na uchafu uliomo katika mchanga, ukawa mavi ya chuma ambayo hutiririka nje kupitia vitundu vilivyoko chini. Chuma safi hubaki nyuma na kujikusanya sakafuni. Kadiri bonge linavyonenepa ndivyo kuta zinavyokonda, hadi usiku wa tatu ambapo zimekuwa nyembamba kiasi cha kutoweza kuhimili zaidi. Ndiyo maana tanuri hutumika mara moja tu na kuvunjwa.

Msimamizi wa shughuli hii huitwa murage. Yeye ndiye anayeamua mchanga unyunyizwe wapi, kiasi gani, na lini. Hutazama rangi ya moto juu ya tanuri, huchungulia kupitia vitundu vya mabomba ya hewa, na husikiliza mchemko wa ndani. Wazee wa kazi hiyo waliotazama moto kwa miaka mingi walijulikana kwa kudhoofika macho, na baadhi ya hadithi za eneo hilo zinasimulia kuhusu wahunzi wenye jicho moja.

Mafundi hao wana mlinzi wao, mungu wa kike aitwaye Kanayago, ambaye hekalu lake kuu liko milimani katika eneo la Yasugi. Hakuna moto unaowashwa kabla ya dua kusomwa mbele ya madhabahu yake. Kwa mujibu wa jadi, Kanayago hawapendi wanawake, na kwa karne nyingi walipigwa marufuku kulikaribia tanuri.

Hesabu ya mwisho ingemkera mhasibu yeyote. Takriban tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa huteketea ili kupata bonge moja la tani mbili na nusu, na katika bonge hilo ni chini ya nusu inayofaa kuitwa tamahagane. Sehemu inayosalia hutumika kwa kazi nyingine au hurudishwa motoni.

Kwa nini basi wasinunue chuma cha kiwandani, ambacho ni rahisi na safi? Jibu liko katika kaboni na joto. Tanuri kubwa la kisasa hutumia makaa ya mawe yaliyookwa, hukiyeyusha chuma kabisa kikawa uji, na chuma hicho hufyonza kaboni nyingi ambayo baadaye huondolewa kwa kupulizwa oksijeni. Tatara hutumia mkaa wa miti, ambao hauna salfa ya kutajika, na joto lake ni la chini zaidi. Sehemu kubwa ya chuma haiyeyuki kikawa maji bali hugandamana taratibu, kikipata kaboni ya kati ya asilimia moja na moja na nusu katika sehemu zilizo bora. Ni feleji inayotoka moja kwa moja katika mchanga, bila kupitia hatua ya katikati.

Itafaa kusema wazi hapa kwamba tamahagane haiishindi feleji ya leo kwa uimara. Chuma cha kiwandani kina ulinganifu ambao murage hawezi kuufikia. Sifa ya tamahagane ni kwamba inakubali kufuliwa na kuunganishwa vizuri motoni, na baada ya kunolewa huonyesha michirizi na vivuli ambavyo chuma kisicho na kasoro hakiwezi kuvionyesha.

Kanuni ya kutoa feleji moja kwa moja tanurini haikuwa ya Wajapani pekee. Wahaya wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania, walikuwa na yao. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba wahunzi wa eneo hilo walitoa chuma chenye kaboni miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita, wakiyaingiza mabomba ya udongo hadi ndani ya tanuri ili hewa ipate joto kabla ya kuufikia moto. Sehemu ya ushahidi huo ilitokana na wazee waliojenga upya tanuri kwa kukumbuka kazi waliyoifanya ujanani. Yaani katika miaka hiyo hiyo ya sabini, Kagera na Shimane, wazee walikuwa wakiulizwa swali lile lile.

ILIVYOZIMIKA

Kuzimika kwa tatara hakukutokea kwa siku moja. Tanuri la kwanza la mtindo wa Kizungu nchini Japani lilijengwa Kamaishi, kaskazini mashariki, na mtaalamu Oshima Takato katika miaka ya 1850. Mwaka 1901 serikali ilifungua kiwanda kikubwa cha chuma cha Yawata. Wakati huo huo chuma cha bei nafuu kilikuwa kikiingia bandarini kutoka Ulaya.

Soko lilikuwa limekwisha kupata pigo jingine. Mwaka 1876 serikali ya Mfalme Meiji iliwapiga marufuku samurai kubeba panga hadharani. Wahunzi waliokuwa wakizitengeneza wakajikuta hawana wateja, na wengi wakageukia visu, mikasi na majembe. Ni kweli kwamba hata enzi za samurai sehemu kubwa ya chuma cha tatara haikuwa ya silaha. Ilikwenda kwa majembe, misumari, sufuria na nanga. Hata hivyo, bidhaa hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kuhamia chuma cha nje kwa sababu ya bei. Kufikia miaka ya 1920 matanuri ya Shimane yalikuwa yamezimwa moja baada ya jingine. Lile la Sugaya, ambalo jengo lake bado limesimama katika mji wa Unnan, lilikuwa limefanya kazi tangu mwaka 1751.

Mnamo 1933 moto uliwashwa tena huko Okuizumo, lakini kwa nia nyingine. Jeshi lilihitaji panga kwa maafisa wake, na tanuri lililoitwa Yasukuni likajengwa ili kutoa tamahagane. Panga hizo zilibebwa hadi Uchina na nchi nyingine za Asia katika vita ambavyo kumbukumbu zake bado ni chungu huko. Watetezi wa ufundi huu mara nyingi huipita sura hiyo haraka. Lakini bila tanuri hilo la vita, pengine hapangekuwa na mtu wa kufundisha mwaka 1977.

Japani iliposalimu amri mwaka 1945, majeshi ya Marekani yaliamuru silaha zote zikusanywe, na panga hazikusazwa. Nyingi ziliharibiwa. Wataalamu wa sanaa wa Japani waliwasihi wakuu wa majeshi hayo watenganishe silaha na kazi za sanaa, wakafaulu kwa kiasi fulani. Mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuhifadhi panga za sanaa, na katika miaka ya hamsini wahunzi waliruhusiwa kufua tena.

Kwa muda wa miaka ishirini hivi walitumia akiba ya feleji iliyobaki kabla ya vita. Wengine walikusanya misumari ya mahekalu ya kale, nanga na vyuma vikuukuu. Mhunzi Amata Akitsugu, aliyetangazwa na serikali kuwa hazina hai ya taifa mwaka 1997 na kufariki mwaka 2013, alihangaika kutengeneza chuma chake mwenyewe. Akiba ilipoelekea kwisha, chama hicho kiliamua kulifufua tanuri pale pale lilipokuwa la Yasukuni, kikisaidiwa na kampuni ya Hitachi Metals yenye kiwanda Yasugi.

Abe Yoshizo, mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo kabla ya vita kwisha, alirejeshwa kuwa murage. Aliyewekwa kando yake kujifunza alikuwa Kihara Akira, mfanyakazi wa kampuni hiyo ya chuma. Kihara hakuwa mwana wa ukoo wa wahunzi wa tatara. Alikuwa mtu wa kiwandani aliyeketi miguuni pa mzee asiye na vipimo, akajaribu kuitafsiri rangi ya moto. Naye baadaye akawa murage, akawafunza wengine. Uzi uliokuwa umekatika kwa miaka 32 ukaunganishwa kwa njia hiyo nyembamba.

KUTOKA BONGE HADI UPANGA

Bonge likipoa huvunjwavunjwa, na vipande vyake hupangwa kwa madaraja kabla ya kusambaziwa wahunzi wenye leseni kote nchini. Kuanzia hapo kazi ni ya mhunzi.

Kwanza hukipasha moto kila kipande, hukiponda kiwe bamba jembamba, hukizimisha majini na kukivunja. Kinachovunjika kwa urahisi kina kaboni nyingi. Kinachokataa kina kidogo. Vipande vinavyofanana hupangwa juu ya bamba lenye mkono, hufungwa kwa karatasi, hupakwa majivu ya mabua ya mpunga na uji wa udongo, kisha hutiwa motoni hadi viungane.

Hapo ndipo linapoanza lile jambo maarufu la kukunja. Chuma hurefushwa kwa nyundo, hukatwa katikati bila kutenganishwa, hukunjwa na kuunganishwa tena. Kuna uvumi ulioenea duniani kwamba upanga wa Kijapani hukunjwa maelfu ya mara. Si kweli. Hukunjwa takriban mara 10 hadi 15. Lakini kila mkunjo huzidisha tabaka maradufu, hivyo mikunjo 15 hutoa tabaka 32,768. Wala hakuna uchawi ndani yake. Chuma cha tatara hakina ulinganifu, kina uchafu na mapovu, na kukikunja ndiyo njia ya kuusukuma uchafu nje na kuisambaza kaboni. Kila mkunjo pia hupunguza chuma, kwa kuwa cheche zinazoruka ni chuma kinachopotea. Kilo kadhaa zinazoingia motoni huishia kuwa upanga wa kilo moja hivi.

Wahunzi wengi kisha huifunika feleji laini ndani ya feleji ngumu, ili upanga uwe na ngozi kali na moyo usiovunjika.

Saa ya hatari ni ya kuzimisha. Mhunzi hupaka udongo uliochanganywa na unga wa mkaa na unga wa kinoo: mzito mgongoni, mwembamba makalini. Huzima taa ili aione vyema rangi ya chuma, huupasha upanga wote, na kuutumbukiza majini. Makali yaliyofunikwa kidogo hupoa mara moja na kugeuka kuwa namna ya chuma kigumu sana ambayo wataalamu huiita martensaiti. Mgongo hupoa polepole na kubaki laini. Kwa kuwa martensaiti huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma cha awali, upande wa makali hutanuka na upanga hupinda wenyewe ndani ya maji. Mpindo ule mzuri unaoonekana katika majumba ya makumbusho hauletwi wote na nyundo.

Ni hapo pia ambapo kazi ya majuma mengi yaweza kupotea. Mivuto hiyo miwili ikizidiana, makali hupasuka. Ufa mdogo tu ukionekana, upanga huo haufai tena.

Mpaka kati ya sehemu ngumu na laini huacha mstari mweupe kama mawimbi au mawingu, na wajuzi huutumia kumtambua mhunzi na shule yake. Lakini mhunzi mwenyewe hauonyeshi. Hiyo ni kazi ya mnoaji, fundi mwingine kabisa, ambaye huusugua upanga kwa vinoo vinavyozidi kuwa laini mpaka vipande vyembamba kama ukucha vinavyobanwa chini ya kidole gumba. Ala ina fundi wake, na kishikizo kidogo cha shaba kinachouzuia upanga usicheze alani kina fundi wake pia.

MIAKA MITANO BILA MSHAHARA

Sheria ya Japani haimruhusu mtu kuamka asubuhi na kufua upanga. Ni sharti awe mwanagenzi chini ya mhunzi mwenye leseni kwa angalau miaka mitano, kisha afaulu katika mafunzo ya siku nane yanayosimamiwa na idara ya serikali ya utamaduni. Hata akishapata leseni hawezi kutengeneza zaidi ya panga mbili ndefu kwa mwezi, au fupi tatu. Kila upanga husajiliwa.

Kanuni hizo ziliwekwa ili panga zibaki sanaa na zisiwe silaha za kuuzwa kwa wingi. Lakini zina gharama. Wanagenzi wengi hawalipwi mshahara. Hufagia karakana, hukata mkaa kwa vipimo maalumu na kuponda chuma, wakiishi kwa akiba zao au msaada wa wazazi. Kijana anayeanza akiwa na miaka 22 huikaribia miaka 30 kabla ya kuuza upanga wake wa kwanza, na huuza katika soko ambalo panga za kale zilizo nzuri nyakati nyingine hupatikana kwa bei ya chini kuliko mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 chama cha wahunzi wa panga kilikuwa na wanachama karibu 300. Miongo mitatu baadaye walikuwa wamepungua chini ya 200.

Chama kikipungua zaidi, tanuri la Okuizumo litakuwa likitengeneza feleji ya nani? Swali hilo linawahusu pia wachoma mkaa, wanoaji na watengeneza ala, kwa sababu minyororo ya namna hii hukatika mahali popote.

Mambo ni tofauti kidogo kwa wale waliogeukia jikoni. Sakai, karibu na Osaka, ulikuwa mji wa bunduki baada ya Wareno kuzifikisha katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, kisha ukawa mji wa visu vya kukatia tumbaku, na leo visu vyake vimo mikononi mwa wapishi wengi wa Japani. Huko nako kazi imegawanywa: mmoja hufua, mwingine hunoa, wa tatu hutia mpini. Kisu cha mpishi wa samaki kina chuma laini upande mmoja na feleji ngumu upande wa makali, wazo lile lile la upanga katika umbo la unyenyekevu.

Feleji hiyo haitoki tena katika tanuri la udongo. Hutoka kiwanda cha Yasugi, kilichoanza mwaka 1899 kikiwa jaribio la wafanyabiashara wa chuma cha tatara kujinusuru. Baadaye kikawa sehemu ya Hitachi Metals, ambayo mwaka 2023 ilibadilishwa jina ikawa Proterial. Kiwanda hicho hutoa chuma cha nyembe na cha vipuri vya magari, pamoja na feleji mbili ambazo kila mhunzi wa visu anazijua kama karatasi nyeupe na karatasi ya buluu, kwa sababu ya rangi ya karatasi zilizobandikwa juu yake.

Katika mkoa wa Niigata, mji wa Tsubame ulianza na misumari iliyofuliwa na wakulima waliochoshwa na mafuriko, ukaingia katika vyombo vya shaba vya kugongwa kwa nyundo, kisha vijiko na uma vya mtindo wa Kizungu. Ni wasuguaji wa mji huo waliozing'arisha migongo ya vyuma ya vichezeo vya muziki vya iPod vilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mkono, kimoja kimoja, kwa sababu hakuna mashine iliyotoa mng'aro ule.

Hata Toyota imelazimika kutafakari jambo hili. Mitsuru Kawai aliingia katika kampuni hiyo mwaka 1966 kupitia shule yake ya ufundi, akaanzia idara ya kufua vyuma, na mwaka 2017 akapandishwa cheo kuwa makamu wa rais mtendaji bila kuwa na shahada ya chuo kikuu. Akiwa msimamizi wa viwanda alirejesha kazi za mkono katika sehemu ambazo roboti zilikuwa zimezitwaa kwa miaka mingi. Vijana walipewa nyundo na koleo, wakatakiwa kukipinda na kukigonga chuma chekundu hadi kiwe krankshafti, kipande ambacho mashine za karakana hiyo hiyo hukitoa haraka mno. Hoja yake ilikuwa kwamba roboti hufanya tu kile ilichofundishwa, na aliyeifundisha akishastaafu, hakuna anayejua namna ya kuirekebisha chuma kinapobadilika.